Jua Limelegea, Shika Jembe

Kisingizio kimekwisha. Mwezi wa Juni ulisema Maskati ni tanuri, wala sikukubishia: joto lilipita nyuzi 40, mche wa asubuhi ulikuwa umesinyaa adhuhuri. Sasa ni mwisho wa Novemba, na usiku unaanza kutafuta shuka. Huko Ulaya kaskazini wenzetu wanafunga bustani zao. Sisi wa Omani ndio kwanza tunafungua. Joto litarudi Aprili, tena bila kubisha hodi. Miezi hii iliyo katikati ni yako!

Anza na figili, itakutia moyo upesi: isie leo, baada ya wiki nne hivi unatafuna. Kando yake mwaga kotimiri, ila mbegu zake zipasue kwanza kwa kiganja na kuziroweka usiku kucha. Karoti isie palepale itakapokulia, kwani ukiihamisha mzizi hupinda. Nyanya na kabichi, nunua miche uokoe wiki kadhaa. Kitunguu saumu ndicho kisichotaka mzaha: bila baridi ya miezi hii hakigawanyiki punje. Ukikichelewesha, utavuna donge moja tu.

Huna shamba? Ndoo iliyotobolewa chini inatosha, hata juu ya paa. Mchanga wetu ni dhaifu, basi uchanganye na samadi iliyooza vizuri na kuufunika kwa makuti ya mtende. Mwagilia alfajiri, maji yazame hasa. Ukinyunyiza juujuu, chumvi hubaki karibu na mizizi na kuiunguza.

Na usiniambie maji ni taabu. Wazee waliochimba mifereji ya falaji walipasua ardhi na mwamba ili maji yaifikie mitende, kisha wakagawana zamu bila kudhulumiana. Kazi ya mikono yao ilidumu hata UNESCO, mwaka 2006, ikaitia mifereji mitano kati ya hiyo katika Urithi wa Dunia. Wewe una bomba uani, na bado unanunua kotimiri dukani?

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ijumaa hii, kahawa ikishanyweka, mwite mtoto, umtilie mbegu za figili kiganjani, muiname pamoja. Usihesabu siku, yeye atakuhesabia. Wiki haitaisha kabla hajaja mbio, miguu ina udongo, akikuvuta mkono: "Njoo uone, zimetoka!"