Kasha la Bibi



Kodi ya nyumba iliponibana, niliuza kasha la njumu la marehemu bibi, tuliloletewa kutoka Pwani. Niliogopa kupunjwa, maana Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayekiponda kitu, kisha huenda zake akijisifu. Basi nilitafuta wathamini wawili. Nami sikumficha mnunuzi bawaba iliyobadilishwa. Bei ikawa nzuri, nikadhani nimetenda haki.

Ndipo dada yangu akapiga simu kutoka Tanga: “Kaka, lile kasha lilikuwa lako peke yako?” Nilikosa jibu. Nilimtumia nusu ya fedha. Alishukuru, lakini akasema angependa kuulizwa kwanza.

Bei ya haki ni ile unayoweza kuitaja mbele ya mnunuzi na mbele ya ndugu zako, kabla hujapokea hata senti.