Jengeni Mbele ya Nyumba Zenu

Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia wengi huiruka. Ni majina tu, jina juu ya jina: huyu alijenga lango, yule akatia makomeo, mwingine akatengeneza kipande kilichoelekea nyumba yake. Rudini mkaisome. Mfalme Artashasta wa Uajemi alikuwa amempa Nehemia barua na miti ya msitu wake, na bila ruhusa hiyo kazi isingeanza. Lakini barua ya mfalme haikupanga jiwe hata moja. Ukuta wa Yerusalemu ulisimama kwa sababu wafua dhahabu, watengeneza manukato, na Shalumu pamoja na binti zake walitoka majumbani mwao wakashika kazi.

Nawaandikia ninyi wasema Kiswahili mnaoishi katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani: ninyi wa Everett na Lynnwood, wa Tacoma, wa Seattle, wa Vancouver ukingoni mwa mto Columbia. Barua ya mfalme mnayo tayari. Mwaka 2019 jimbo lilipitisha sheria, gavana Jay Inslee akaitia sahihi. Mashirika ya umeme yaachane na makaa ya mawe ifikapo mwisho wa 2025. Ifikapo 2030 umeme yanaowauzia wateja usiiongezee dunia hewa ukaa. Ifikapo 2045 wote utoke kwenye nishati jadidifu na vyanzo vingine visivyotoa hewa hiyo. Ni sheria njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Je, ni nani atakayepanga mawe?

Ni ninyi! Wengi wetu tumekulia mahali ambapo maamuzi ya umeme hufanyika mbali, na mteja hana lake ila kununua yuniti na kusubiri. Tumehama na tabia hiyo ndani ya masanduku yetu. Bili inakuja, tunalipa, tunanyamaza, kana kwamba umeme ni wa wenyewe. Sikieni basi habari za mali yenu. Zamani makampuni binafsi hayakuona faida ya kuvuta nyaya hadi mashambani, na familia za wakulima zikabaki gizani. Wakulima wa chama cha Grange wakakusanya sahihi, wakapeleka muswada wao. Bunge la jimbo halikuupitisha. Ukaenda kwa wapiga kura, na Novemba 1930 wakaukubali: wananchi wa wilaya wanaweza kuunda shirika lao la umeme na kuchagua makamishna wake kwa kura. Katika wilaya ya Snohomish, ambako ndiko Everett na Lynnwood, wananchi walipiga kura ya kuunda shirika lao mwaka 1936, lakini hawakuushika umeme mikononi mwao hadi 1949. Miaka kumi na mitatu! Leo mashirika ya namna hiyo ni zaidi ya 20 jimboni, na mbali na hayo Tacoma imemiliki umeme wake tangu 1893, na Seattle nayo ina wake. Hapo hakuna mwenye hisa wa mbali. Anayelipa bili ndiye mwenye mali.

Mwenye mali akilala, mali huamuliwa na wengine. Katika miaka ya 1970 mashirika haya ya umma yaliungana kujenga mitambo mitano ya nyuklia kwa fedha za kukopa. Mabodi yakatia sahihi, gharama zikapanda, na wenye mali wengi hawakujua kilichotiwa sahihi kwa jina lao. Julai 1983 deni la hati fungani la dola bilioni 2.25 likashindikana kulipwa, kushindwa kukubwa kuliko kote kulikowahi kutokea Marekani kwa hati za namna hiyo hadi wakati ule. Kati ya mitambo mitano ni mmoja tu uliowahi kutoa umeme. Mkiambiwa kwamba mambo haya ni ya wataalamu, kumbukeni kwamba wataalamu walikuwapo.

Sasa, wapo watakaowaambia kwamba amri za jimbo ni mzigo, kwamba shirika la wilaya liachiwe lijiamulie. Siwadharau, maana walikuwa na sababu. Novemba 2006 wapiga kura walipitisha sheria ya kwanza iliyoyabana mashirika yenye wateja wasiopungua 25,000: asilimia 3 ya umeme wao itoke kwenye nishati jadidifu ifikapo 2012, asilimia 9 ifikapo 2016, asilimia 15 ifikapo 2020. Umeme wa mabwawa ya zamani haukuhesabiwa. Shirika lenye maji tele likalazimika kununua upepo. Majira ya kuchipua ya 2011 Columbia ilijaa hata wakala wa serikali kuu unaouza umeme wa mabwawa yake, Bonneville, ukaamuru mitambo ya upepo izimwe kwa muda. Aliyenung'unika wakati huo alikuwa na haki ya kusikilizwa. Lakini sheria ya 2019 inayahesabu maji! Kilio kimejibiwa, na anayeendelea kulia kilio kilekile leo anatafuta mahali pa kujificha.

Tena maji hayo msiyaite ya bure. Bwawa la Grand Coulee lilijengwa bila njia ya samaki, na samoni wakakatwa wasifike tena sehemu ya juu ya mto Columbia. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na kwa saa chache tu maporomoko ya Celilo, walikovua tangu kale watu wa Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce, yakazama. Soko lao, chakula chao, mahali pao pa kuabudia, vyote vikaenda chini ya maji ili sisi tuwashe taa. Sisi tuliokuja juzi tunafaidi umeme huo kila jioni. Atakayesema tujenge mabwawa mengine tuache jua na upepo, aende kwanza akawaulize hao. Na mabwawa yaliyopo hutegemea theluji ya milimani, ambayo joto linaipunguza. Juni 2021 joto kali liliua zaidi ya watu 100 jimboni humu, wengi wao wazee waliokuwa majumbani mwao.

Katika sura ya tano ya Nehemia, kazi ikiwa katikati, maskini walilia. Walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka na kodi ya mfalme. Nehemia hakuwaambia wavumilie kwa ajili ya ukuta. Aliwakasirikia wakubwa, akawaita mbele ya watu wote, wakarudisha walichochukua. Vivyo hivyo nawaambia: umeme safi unaomwacha mjane bila joto mwezi wa Januari ni dhambi, na sheria yenyewe inalijua hilo. Iliyataka mashirika yawe na mipango ya kuzisaidia familia zenye kipato kidogo ifikapo Julai 31, 2021. Mipango ipo. Fomu zake hazijazwi kwa sababu ya lugha, au aibu, au kwa sababu hakuna aliyemwambia mama aliyefika mwaka jana kutoka kambi ya wakimbizi. Wazee wa kanisa, mna kompyuta ofisini na vijana wanaojua Kiingereza. Wekeni meza baada ya ibada.

Kisha nendeni kwenye vikao. Kila baada ya miaka minne bodi ya shirika lenu hupitisha mpango wa kuitimiza sheria hii, na huupitisha katika mkutano wa wazi. Asiye raia hawezi kumpigia kura kamishna, lakini hakuna anayedaiwa uraia ili aseme pale. Ninyi wa Snohomish na Tacoma, ulizeni: kuanzia 2030 sheria inaruhusu hadi asilimia 20 ya wajibu itimizwe kwa njia mbadala, pamoja na kununua vyeti vya nishati iliyozalishwa kwingine. Je, bodi yetu itajenga au itanunua karatasi? Ninyi wa Vancouver, shirika lenu linamiliki mtambo wa gesi wa River Road. Simameni muulize utafungwa lini, na walioajiriwa humo watafanya kazi gani baadaye. Msipojibiwa, rudini kikao kinachofuata na watu wengi zaidi.