Ramadhani, Siku ya 14: Tone la Maji na Meseji Moja



Ndugu yangu, kama umefungua ujumbe huu ukiwa kwenye usukani, weka simu chini kwanza. Darasa halikimbii, utalisoma ukifika.

Leo tuulizane swali moja. Mtu akiua bila kukusudia, je, hana lawama? Msibani tumezoea kusema "ajali haina kinga", "ilikuwa siku yake", kisha mambo yanaishia hapo.

Tuanze na jambo unalolifanya kila siku ukiwa umefunga. Ukitawadha, unasukutua taratibu, unatema, unatema tena. Hutaki hata tone liteleze. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyesukutua kwa kawaida, maji yakamponyoka yakaingia kooni, saumu yake haiharibiki. Lakini aliyepitiliza, akasukutua kwa nguvu au akayapandisha maji puani mpaka ndani ilhali anajua amefunga, kisha yakaingia, saumu yake imebatilika. Angalia vizuri: wote wawili hawakukusudia kumeza. Tofauti ni kwamba mmoja alichunga, mwengine alijipeleka mwenyewe ukingoni.

Sasa twende barabarani. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde linakula karibu mita 14. Ukitumia sekunde 4 kusoma "umefika wapi?" na kujibu "nakuja", umekwenda mita 55 hivi kama kipofu. Ukiwa kwenye 80, sekunde 5 ni mita 110, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya ajali takriban mara 4 kuliko asiyeitumia. Na wewe unayesema "mimi natumia spika, mikono iko huru", wanasema hilo nalo halikuongezei usalama mkubwa. Mikono iko kwenye usukani, akili iko kwenye mazungumzo.

Basi dereva aliyegonga mtoto huku anachati, ni yupi kati ya wale wawili waliosukutua? Hakukusudia kuua, ni kweli. Lakini kuinamisha macho alikusudia. Kidole chake hakikuteleza.

Na wewe uliyechati jana ukafika salama, usijione dereva hodari. Ulichokifanya na alichokifanya yule ni kitu kimoja. Kilichowatenganisha ni kwamba kwako mtoto hakuvuka dakika ile. Hiyo ni sitara ya Mola wako, na sitara haifanywi kuwa leseni.

Atasema mtu: "Sheikh, yote ni kadari." Naam, tunaiamini kadari. Lakini tazama Surat An-Nisaa, aya ya 92, inayomzungumzia aliyemuua Muumini kwa makosa. Haikumwambia aende zake. Imemtaka aache huru mtumwa, na watu wa marehemu wapewe diya, ila wenyewe wakisamehe. Asiyeweza kupata mtumwa, afunge miezi miwili mfululizo. Ndugu yangu, sisi leo ni siku ya 14 tu na wengine tumeshaanza kuhesabu zilizobaki. Yule ana miezi miwili, akila siku moja bila udhuru anaanza upya. Na hiyo ni ya aliyekosea! Kama kosa la bahati mbaya lina uzito huo, vipi la kujitakia?

Saumu imetufundisha nini? Maji ni halali, lakini mchana huu unayaacha kwa sababu wakati wake bado. Bomba liko mbele yako, hakuna mtu anayekuona, na hunywi. Meseji nayo ni halali, ila kwenye usukani wakati wake bado. Aliyeweza kuzuia kiu kwa saa 13 anashindwa vipi kuzuia mlio wa simu kwa dakika 20?

Saa ya hatari zaidi ni hii ya kuelekea Magharibi. Tumbo tupu, haraka, bodaboda kaichomeka simu ndani ya helmeti, na watoto wanavuka na mabakuli ya futari kupeleka kwa jirani. Basi tufanye haya:

Simu iwe kimya, uiweke siti ya nyuma kabla hujawasha gari.

Beba tende na chupa ya maji. Adhana ikikukuta njiani, egesha pembeni, futuru. Sunna ya kuharakisha futari umeipata, huna haja ya kukimbiza gari.

Mliopo nyumbani, mkijua baba yuko barabarani msimpigie kila dakika. Anayemwita dereva naye ana sehemu yake.

Na wewe abiria wa daladala, mwambie dereva kwa adabu: "Kaka, tuwekee simu chini." Kunyamaza si upole pale roho za watu zimo ndani.

Ewe Mola, tulinde tusiwe sababu ya kilio katika nyumba ya mtu, utufikishe salama kwa watu wetu, na uzipokee saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako, akiwa ameshaegesha.