Dakika za Mwalimu ni za Nani?

Kuna swali ambalo wazazi huuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu wanaogopa kuonekana wabaya. Mtoto mwenye mahitaji maalum akiletwa kwa darasa la kawaida, mwalimu anamrudia pole pole, anasimama kando yake. Sasa yule wangu, mzazi anauliza, si ananyang'anywa wakati wake? Hiyo ni haki?

Swali hili si dhambi. Tulijibu.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo huwa nakimbilia hesabu. Chukua darasa la watoto 60 na kipindi cha dakika 35. Ukigawa sawasawa, kila mtoto anapata sekunde 35. Sasa mpe mmoja dakika 5 nzima. Wale 59 wanabaki na sekunde 30 na kidogo kila mmoja. Kelele yote ni ya sekunde kama nne na nusu! Lakini tuwe wakweli: wakiwa watano wa kusaidiwa hivyo, dakika 25 zimeenda, na wengine 55 wanabaki na sekunde 11 hivi. Hapo mzazi ana hoja, na mwalimu amechoka.

Wahubiri wengi hapa hukimbilia wale kondoo 99 wa Luka 15. Mimi naona mfano huo hautoshi kwa jambo hili. Mwalimu hawezi kuwaacha 99. Wako mbele yake, na wote wana mtihani.

Afadhali twende 2 Samweli 9. Mefiboshethi alikuwa kilema miguu yote miwili tangu alipoangushwa na yaya wake akiwa na miaka mitano. Daudi akamleta ale mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Hapo tunapiga makofi na kufunga Biblia. Lakini soma tena. Kabla ya kutaja meza, Daudi anamrudishia shamba lote la babu yake Sauli. Kisha anamwagiza Siba alilime, yeye na wanawe 15 na watumishi 20. Hao ni watu 36, wamepangwa kwa ajili ya mtu mmoja! Hatusomi kwamba wana wa mfalme walipunguziwa sahani ndio yeye ale. Sisi huhubiri meza na kusahau shamba.

Kumkaribisha mtoto darasani kisha kumwachia mwalimu mmoja kila kitu ni kumpa meza bila shamba. Wa kuulizwa si yule mtoto, ni sisi tulio na uwezo wa kupanga.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizounganishwa na jamii, kadiri inavyolingana na maslahi yake. Hayo maneno ya mwisho tusiyaruke. Mtoto kiziwi anaweza kunawiri zaidi mahali ambapo wenzake na walimu wote wanatumia lugha ya ishara. Huyo tusimlazimishe kukaa na wetu ili sisi tujisikie wema.

Walimu wa elimu maalum wapo. KISE pale Kasarani imekuwa ikiwafundisha tangu 1986. Kwa hivyo kwenye mkutano wa wazazi, badala ya kuuliza huyu mtoto ataondoka lini, uliza nani atakuja kumsaidia mwalimu, na sisi tutachanga nini. Wazazi wa huyo mtoto wamekuwa wakiuliza peke yao, na wamezoea kuonekana wasumbufu.

Na hapa kwetu, shule ya Jumapili inahitaji watu wawili ibada ya kwanza, wa kukaa kando ya watoto wanaohitaji kurudiwa pole pole. Si lazima uwe mwalimu. Mwone msimamizi wa watoto baada ya ibada.