Daftari kati ya Marafiki: Haki ya Wawili Wanaosafiri kwa Mfuko Mmoja

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wameyarudia kwa karne nyingi ni hili la iwapo urafiki wa kweli unavumilia hesabu, yaani kama watu wawili wanaopendana wanaweza kuandika kila shilingi inayotoka bila mapenzi yao kuingia dosari. Hakuna mahali swali hili linapobana kama safarini, hasa katika safari ndefu ya gharama ndogo inayovuka mpaka wa nchi, ambamo wawili hula pamoja, hulala chumba kimoja na hutegemea mfuko mmoja mbali na jamaa zao. Wakazi wa Kigoma na Ujiji wana sababu ya kulitafakari kuliko wengi, kwa kuwa mji wao ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, kisha ukawa mwisho wa Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya utawala wa Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914.

Anayetoka Kigoma kwenda nje ya nchi kwa treni hulazimika kuunganisha reli mbili zilizojengwa kwa nyakati tofauti na kwa vipimo tofauti. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, ilhali TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ina upana wa milimita 1,067 na hukimbia kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam kupitia Mbeya na Tunduma hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Stesheni za reli hizo mbili jijini Dar es Salaam ziko mbalimbali, na siku ya treni moja kufika si lazima iwe siku ya nyingine kuondoka, kwa hiyo mara nyingi msafiri hulazimika kulala gesti jijini. Tangu mwaka 2024 ipo pia treni ya umeme ya reli ya kisasa kati ya Dodoma na Dar es Salaam, ambayo huokoa saa nyingi kwa anayeamua kubadilisha usafiri Dodoma, lakini huongeza nauli nyingine juu ya ile ya kwanza. Kila kiungo cha safari kama hii ni uamuzi wa fedha, na kwa kuwa wasafiri ni wawili, kila uamuzi wa fedha ni uamuzi juu ya mtu mwingine. Hapo ndipo hesabu inapogeuka kuwa suala la maadili.

Mfano wa kufikirika utasaidia kuliweka swali wazi. Marafiki wawili wa Mwanga, mjini Kigoma, wanakusudia kufika Lusaka kwa kupitia Tabora, Dar es Salaam, Mbeya na Kapiri Mposhi. Mmoja ni mwalimu apataye mshahara kila mwisho wa mwezi, na mwenzake huuza dagaa katika soko la Mwanga. Kipato cha huyu wa pili hufuata mwezi wa angani, kwa sababu dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapowaka mitumbwi hupumzika na soko hukauka. Hufuata pia amri za serikali, kama ilivyotokea mwaka 2024, pale uvuvi katika ziwa hilo uliposimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Mwalimu anapopendekeza safari ifanywe wakati wa likizo ya shule ya Juni, anapendekeza tarehe iliyo nyepesi kwake na nzito kwa mwenzake, na huenda asijue kabisa, kwa maana muuza dagaa ataona haya kusema. Haya ya namna hii, ambayo katika jamii za mwambao wa ziwa huhesabiwa kuwa sehemu ya adabu njema, ndiyo inayofanya mipango isiyoandikwa iwe ya hatari: asiye na kitu hunyamaza, na ukimya wake huchukuliwa kuwa ni ridhaa.

Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliligusa jambo hili katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, alipopanga haki ya rafiki katika mali kwa daraja tatu. Daraja ya chini ni ya anayempa rafiki kutoka katika ziada yake kabla hajaombwa. Ya kati ni ya anayemfanya sawa na nafsi yake hata wakagawana alicho nacho. Na ya juu ni ya anayemtanguliza rafiki mbele ya nafsi yake, hali ambayo wanazuoni huiita ithari, yaani kumpa mwenzako kile ambacho wewe mwenyewe unakihitaji. Katika mlango huohuo inasimuliwa kwamba Ali bin Husein, kitukuu cha Mtume, alimuuliza mtu kama yeye na wenzake huingiza mkono katika mfuko wa ndugu yao na kuchukua watakacho bila kuomba ruhusa, na alipojibiwa kwamba hawafanyi hivyo, akawaambia kuwa basi wao si ndugu. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya daftari, na wanaoipenda hesabu hawana budi kuikabili badala ya kuipita pembeni, kwa kuwa inadai kwamba mahali panapohitaji kuandikwa deni, undugu umekwisha kuondoka.

Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba simulizi hiyo inamhukumu mwenye mfuko, si mwenye kuuingiza mkono. Inamwambia aliye na uwezo kwamba asiufunge mfuko wake. Haimwambii asiye na uwezo kwamba wake umekwisha kufunguliwa kwa ajili ya kila mtu. Mwalimu aliye katika behewa anaweza kwa moyo mweupe kuagiza wali na kuku kwa watu wawili na kulipa, na kesho yake mwenzake, kwa kulinda heshima yake, akalipa chakula cha bei ileile kwa fedha iliyokuwa nauli ya kurudia. Hakuna aliyedhulumu, hakuna aliyekusudia ubaya, na bado dhuluma imetendeka, kwa sababu ukarimu usiojua kiasi cha mwenzake humlazimisha naye kuwa mkarimu kwa asichonacho.

Kurani yenyewe ina mahali ambapo mambo haya mawili, maandishi na uaminifu, yamewekwa ubavu kwa ubavu. Katika sura ya pili, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, waumini wanaamrishwa kuliandika deni la muda, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Kisha aya inayofuata inataja waziwazi hali ya walio safarini wasiopata mwandishi, ikawaruhusu kuweka rahani, yaani kitu kinachoshikwa kuwa dhamana ya deni, na ikaongeza kwamba wakiaminiana, basi aliyeaminiwa airudishe amana. Mpangilio huu unastahili kutazamwa kwa utulivu. Uaminifu unatajwa baada ya maandishi, kama haki nyingine kamili na wala si kama udhaifu. Lakini mara tu unapotajwa unawekewa sharti la uchaji Mungu, kana kwamba aliyeaminiwa bila karatasi amebebeshwa mzigo mkubwa zaidi kuliko aliyeandikiwa. Kwa mtazamo huu, daftari la safari huwapunguzia marafiki uzito wa kukumbuka, ili waliyoahidiana yasitegemee kumbukumbu ya mtu aliyekesha siku mbili kwenye kiti cha daraja la tatu. Waswahili walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wafanyabiashara wa Ujiji, waliokopesha na kukopeshwa katika ulimwengu wa bara kwa vitambaa na shanga, waliijua kweli hiyo kwa hasara zao.

Ipo tena njia ya kati ambayo vitabu vya hadithi vimeihifadhi, nayo ni desturi ya Waarabu iitwayo nahdi, maana yake ni wasafiri kukusanya masurufu yao na kuyafanya chungu kimoja. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, aliifungulia mlango katika kitabu cha ushirika, akaeleza kwamba Waislamu hawakuona ubaya ndani yake, ijapokuwa huyu hula zaidi na yule hula kidogo. Palepale imepokewa habari ya kabila la Ashari, ambao chakula kilipowapungukia vitani au Madina walikusanya walichokuwa nacho katika nguo moja na kugawana sawasawa kwa chombo kimoja, na Mtume akawasifu kwa kuwahesabu kuwa ni wake naye ni wao. Katika desturi ya nahdi kipimo cha haki ni ridhaa iliyotolewa mapema, kwa maana aliyetia fungu lake amekwisha kuruhusu lililwe, na usawa wa tonge haudaiwi. Ndiyo maana mfuko wa pamoja ni bora kuliko kulipiana zamu kwa zamu: wawili wa Mwanga wakikubaliana kiasi, wakakitia katika pochi moja kabla ya kupanda treni, na chakula kikatoka humo, hakuna atakayemtazama mwenzake akitafuna. Hapo daftari huandika kinachotoka katika pochi, likaacha kuandika nani amekula nini, na tofauti hiyo ndogo hubadilisha kabisa hali ya safari.

Kiasi chenyewe kitiwe kwa kipimo cha nani? Desturi ya vijana wengi ni nusu kwa nusu, na wengi huidhania kuwa ndiyo haki yenyewe, lakini Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyeandika kwa kirefu juu ya urafiki katika kitabu chake cha maadili, alikwisha kuonyesha kwamba baina ya wasiolingana usawa hupatikana kwa uwiano, wala hautokani na kila mmoja kutoa kiasi kilekile. Mafundisho ya Kiislamu yana kanuni iliyo karibu: Mtume alipomfanya Uthman bin Abil-Aas kuwa imamu wa watu wake, alimwelekeza apime swala yake kwa aliye dhaifu kuliko wote. Kanuni hiyo ikihamishwa kutoka msikitini hadi stesheni, itadai kwamba daraja la behewa, gesti ya Dar es Salaam na uamuzi wa kushuka au kutoshuka Dodoma upimwe kwa mfuko wa muuza dagaa. Mwalimu akitaka daraja la pili la kulala, ama aongeze fedha yake bila kudai shukrani, ama aketi daraja la tatu na mwenzake; kilicho kigumu kukitetea ni kulala kwake peke yake huku rafiki yake akiwa amekaa behewa jingine usiku kucha kuvuka nyika za Tabora.

Kuna wanaohofia kwamba kupanga kila kitu ni kukosa tawakuli, yaani kumtegemea Mungu. Waraka wa Yakobo, mlango wa nne, huwaonya wale wanaosema kwamba leo au kesho wataingia mji fulani, wakae humo na kupata faida, ilhali hawajui yatakayotokea kesho, na Kurani katika sura ya Pango inakataza kusema neno juu ya kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mungu. Lakini maonyo haya yanagusa kiburi cha mpangaji, si mpango. Ibnu Abbas, sahaba wa Mtume, alieleza kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakidai kwamba wao ndio wenye kutawakali, kisha wakifika Makka huombaomba, ndipo ikashuka aya ya kuamrisha kuchukua masurufu. Asiyejiandaa hujitegemeza kwa msafiri mwenzake bila kumuuliza. Anayesema inshallah kwa dhati huonekana katika daftari lake, kwa kuwa ametenga fungu la yasiyojulikana: kati ya Kilosa na Gulwe maji ya mto Mkondoa yameiharibu reli mara nyingi, na treni iliyokwama haina huruma kwa aliyehesabu milo ya siku mbili tu. Mafurushi ya samaki aina ya migebuka waliokaushwa yanayobebwa kutoka Kigoma ni sehemu ya imani hiyo, sawa na fedha ya akiba iliyofungwa peke yake na kutoguswa mpaka wote wawili wakubali.

Ujiji ilikwisha kushuhudia yanayowapata wasiosawazisha mambo haya. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika hapo Februari 1858, wakiongozana na msaidizi wao Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wengi, mabwana hao wawili wakiwa wagonjwa. Baada ya kurudi Ulaya wakawa mahasimu. Kwa hakika ugomvi wao mkubwa ulihusu chanzo cha mto Nile na sifa ya ugunduzi, lakini ndani yake mlikuwa pia na deni la gharama za safari zilizozidi fedha walizopewa, na malalamiko juu ya ujira wa wapagazi ambao haukulipwa ipasavyo. Speke alifariki Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala ambao ungewakutanisha hadharani, bila suluhu. Inasikitisha kwamba historia imewakumbuka zaidi mabwana waliogombania sifa, na kuwasahau wapagazi, ambao katika misafara yao walikuwa na mpango uliokomaa: posho iliyogawiwa kwa kipimo, makundi yaliyopika na kula pamoja, na kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia mbele na ambaye neno lake lilifuatwa njiani. Hadithi aliyoipokea Abu Daudi, inayowataka wasafiri watatu wamteue mmoja wao awe amiri, ilikuwa ikitekelezwa katika njia ya Ujiji kwa desturi ya Wanyamwezi, ambao wengi wao hawakuwahi kuisikia. Wawili hawakuamriwa hivyo kwa tamko, lakini hekima yake inawafaa pia: mmoja ashike pochi, mwingine ashike kalamu, na huko mpakani, Tunduma na Nakonde, ambako wabadilisha fedha huwafuata abiria wakiwa na mabunda ya kwacha, asibadilishe mmoja bila mwenzake kusikia bei.

Linabaki suala la salio. Wanaporudi Kigoma na pochi ikawa na chochote, fedha hiyo haiwi ya aliyeishika, bali hurudi kwao kwa uwiano wa walichotia, isipokuwa wakikubaliana vinginevyo. Na ikiwa mmoja aliongeza kwa hiari kwa sababu ya uwezo wake, wanazuoni wengi wangemhesabu kuwa alitoa zawadi, na zawadi iliyokwisha kupokewa haidaiwi. Kwa yale ambayo hayaandikiki, kama neno kali lililotoka kwa uchovu au tonge lililozidi, Waislamu wa mwambao wana desturi ya kuhalalishana, yaani kila mmoja kumwomba mwenzake amwachilie haki yoyote iliyobaki baina yao, na desturi hii hutangulia safari na kuifuata. Daftari likiwa limefungwa sawasawa, ombi hilo huwa jepesi kulitamka, kwa sababu anayeombwa anajua anachokiachilia, na anayeomba hamfichi mwenzake deni nyuma ya maneno mazuri.