Dhuluma Hufa Lini? Kwa Baiskeli Kati ya Ngome za Mto Rhine

Ukitaka kuona ngome nyingi kwa siku moja bila kuwa na gari, nenda Bingen. Unapanda treni ya kawaida kutoka Mainz, ile inayosimama kila kijiji, unaegemeza baiskeli kwenye behewa lenye alama ya baiskeli, na baada ya muda mfupi umeshuka kando ya mto Rhine. Kutoka hapo ni kufuata maji tu kuelekea kaskazini. Njia ni tambarare, haimtaki mtu mwenye mapaja ya mwanariadha. Hadi mji wa St. Goar ni kama kilomita 30; hadi Koblenz ni kama 65. Ukichoka, unapanda treni kwenye stesheni inayofuata. Kati ya Bingen na Koblenz hakuna hata daraja moja la magari, kwa hiyo ukitaka kuona ng'ambo, unavuka kwa pantoni, baiskeli mkononi, pamoja na wakulima wa zabibu na akina mama waliotoka sokoni.

Na ngome! Kila kona ya mto ina yake, nyingine juu ya jabali, nyingine magofu yaliyomezwa na miti, moja imekaa katikati ya maji kama meli iliyokwama. UNESCO waliliingiza bonde hili kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2002, na sioni ni nani angewapinga. Ni pazuri mno.

Sasa swali langu ni la kizamani kidogo, lakini sijaona likijibiwa vizuri. Ngome hizi zilijengwa kwa sababu gani? Nyingi zilijengwa ili kutoza. Mto ulikuwa barabara kuu ya Ulaya: divai, chumvi, nafaka, mbao, vyote vilipita majini. Mwenye jabali lililoukabili mto alikuwa na mali kuliko mwenye shamba. Alichohitaji ni ukuta, watu wenye silaha na, ikibidi, mnyororo wa kuzuia mashua. Ile ngome ya katikati ya maji, Pfalzgrafenstein, karibu na kijiji cha Kaub, ilianza kama mnara wa ushuru miaka ya 1320, chini ya mfalme Ludwig wa Bavaria, na Papa Yohane wa 22 alilalamika. Haikusaidia kitu. Ushuru uliendelea kutozwa pale hadi miaka ya 1860. Yaani zaidi ya miaka 500 ya mtu kusimama kwenye kisiwa akisema: lipa kwanza.

Je, ni halali kukifurahia kitu kama hicho? Au tuulize kwa namna nyingine: furaha ya mwendesha baiskeli mbele ya ngome ya ushuru ina deni gani, na inadaiwa na nani?

Anza na Mnara wa Panya, Mäuseturm, unaouona kisiwani mara tu unapotoka Bingen. Hadithi yake inapendwa sana. Eti askofu mkuu Hatto wa Mainz, wakati wa njaa, aliwafungia maskini ghalani akawachoma moto, akavicheka vilio vyao kwamba ni milio ya panya. Panya wenyewe wakamfuata mpaka kwenye mnara huo, wakamla. Hadithi nzuri, ina haki ndani yake. Ila wanaochunguza majina wanasema huenda panya hawamo kabisa: huenda jina limetoka kwenye neno Maut, yaani ushuru, au kwenye neno la kale la kuvizia. Mnara ulikuwa wa kuvizia mashua kwa niaba ya ngome ya Ehrenfels iliyo ng'ambo, na Ehrenfels ilikuwa ya maaskofu wakuu wa Mainz, ikiwakusanyia ushuru. (Neno Maut liko hai. Malori ya Ujerumani hulipa Maut ya barabara hadi leo.) Basi tazama simulizi linavyofanya kazi. Ukatili wa siku moja, wa moto na panya, umekumbukwa na kupambwa. Ukatili wa kila siku, wa sarafu moja moja mkononi mwa nahodha, umefutika mpaka kwenye jina. Sisi wapenzi wa hadithi tuna hatia yetu hapo, kwa sababu panya husimulika na risiti haisimuliki.

Baiskeli inakuweka mahali pa nahodha, na hilo wengi hawaligundui. Unaendesha usawa wa maji na ngome ziko juu yako. Huzioni kama alivyoziona mwenye ngome, aliyekaa dirishani akihesabu matanga; unaziona kama alivyoziona mtozwaji, shingo imeinuliwa. Na kutoka hapo chini ndipo zilipo nzuri zaidi! Si ajabu, zilijengwa zionekane kutoka chini. Ukubwa ule na kuchomoza kule jabalini kulikuwa na ujumbe kwa mtu wa mashua. Tunachokiita uzuri ni kwa kiasi kikubwa vitisho vilivyong'olewa meno, kama simba wa makumbusho aliyejazwa majani makavu: watoto wanapiga naye picha kwa sababu moja tu, hawezi tena kuruka.

Ukifika Trechtingshausen, mambo yanachanganya zaidi. Ngome za Reichenstein na Sooneck zilishikwa na makabaila waliogeuka wanyang'anyi, waliovizia wasafiri bila hata kisingizio cha ushuru halali. Mwaka 1282 mfalme Rudolf wa Habsburg akaja, akazivunja, na wanyang'anyi wakauawa. Pale chini kuna kikanisa cha Mtakatifu Clemens, na wenyeji wanasimulia kwamba kilijengwa kuombea roho zao, kwa mbao za miti waliyonyongewa. Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa sheria, na kweli ni ushindi. Lakini mwenye mashua angekuuliza: tofauti ya mnyang'anyi wa Sooneck na askofu wa Ehrenfels ni ipi? Mmoja alikuwa na kibali.

Halafu kuna Rheinstein, jirani yao. Hiyo unayoiona imejengwa upya na mwanamfalme wa Prussia, Friedrich, aliyeyanunua magofu mwaka 1823, karibu wakati uleule washairi na wachoraji walipoanza kuja kulia machozi ya furaha mbele ya mawe yaliyoanguka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Zama za Kati unazopita nazo kwa baiskeli ni ndoto ya karne ya 19 kuhusu Zama za Kati, na walioiota ni watawala. Sitakaa sana hapo. Nilitaka tu uone kwamba uzuri huu una mafundi wake.

Jibu la kawaida kwa swali langu nalijua: hayo yamepita. Waliotoza wamekufa, waliotozwa wamekufa, miaka mia saba si mchezo. Maji yaliyokwisha pita hayarudi kusaga.

Ningelikubali jibu hilo kama isingekuwa Bacharach.

Bacharach ndicho kijiji kinachopigwa picha kuliko vyote upande huu: nyumba za mbao na chokaa, mizabibu nyuma yake, ngome ya Stahleck juu, na katikati ya mlima, kati ya kijiji na ngome, gofu la kikanisa cha mawe mekundu. Halina paa wala vioo, madirisha yake marefu yamebaki wazi na anga linaonekana ndani yake. Ni gofu zuri kuliko yote bondeni, kwa maoni yangu. Watu wanasimamisha baiskeli, wanapiga picha, wanaenda kunywa divai.

Linaitwa Wernerkapelle. Mwaka 1287 kijana aitwaye Werner alikutwa amekufa karibu na hapo. Wayahudi wakazushiwa kwamba wamemuua kwa ajili ya ibada yao ya Pasaka. Ni uzushi uleule uliozunguka Ulaya kwa karne nyingi. Watu wakaingia mitaani kuua Wayahudi, Bacharach na Oberwesel na miji mingine ya Rhine na Mosel. Mfalme Rudolf, yuleyule mvunja ngome, hakuuamini uzushi huo, akaagiza mwili wa kijana uchomwe ili usigeuzwe kitu cha kuhijiwa. Haikufanyika. Mahujaji wakaja na sadaka zao, na kikanisa kikajengwa juu ya uongo huo. Kuta zile nyekundu, madirisha yale marefu, ndiyo hayo. Hata ugofu wake haukutokana na toba: Wafaransa walipoilipua ngome ya Stahleck mwaka 1689, mawe yaliporomoka juu yake.

Na Werner aliendelea kuheshimiwa kama mtakatifu. Jimbo Katoliki la Trier lilimwondoa kwenye kalenda yake mwaka 1963. Elfu moja mia tisa sitini na tatu! Miaka 18 baada ya vita iliyowamaliza Wayahudi wa Ulaya.

Hapa ndipo hoja ya "yamepita" inapovunjika. Ushuru wa Kaub na uongo wa Bacharach ni vya zama zilezile, vimetenganishwa na kilomita chache za mto. Kama ni umri, vyote vimezeeka sawa. Lakini kimoja kilikufa na kingine kiliendelea kutembea. Ushuru wa mto ulizikwa kwa mkataba: Mkataba wa Mannheim wa 1868 ulithibitisha kwamba meli zinapita Rhine bila kulipa kwa kupita tu. Uongo haukuzikwa na yeyote, ukapewa siku yake kwenye kalenda.

Wapenzi wa fasihi wana njia ya kulipima hili. Heinrich Heine, aliyezaliwa Myahudi kando ya mto huuhuu, aliandika mambo mawili kuhusu bonde hili. Moja ni shairi la mwanamke anayechana nywele juu ya jabali la Loreley, ambalo Friedrich Silcher alilitungia muziki na ambalo Mjerumani yeyote anaweza kukuimbia mwanzo wake. La pili ni riwaya ambayo hakuimaliza, Der Rabbi von Bacherach, iliyotoka 1840. Rabi ameketi na familia na wageni mezani usiku wa Pasaka, anaona chini ya meza maiti ya mtoto iliyoingizwa kwa siri, anaelewa mtego, anatoroka na mkewe kwa mashua usiku. Ni mwandishi mmoja na mto mmoja. Shairi linaimbwa na riwaya inangoja wasomaji. Uzuri ulielea, ushahidi ukazama.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: dhuluma haifi kwa kuzeeka. Inafa inapoacha kufanya kazi, na ikiwa kuna mtu aliyeizima. Mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa hili. Wajerumani walijenga maboma kwetu pia, na baadhi yake ni mazuri kweli. Boma la Mikindani, la 1895, lenye kuta nyeupe juu ya ghuba, sasa ni hoteli. Kutoka maboma kama hayo ilikusanywa kodi ya nyumba iliyoanza 1898, nayo pia ilikuwa lipa kwanza. Lakini simpati Mtanzania ambaye ataliangalia boma kwa wepesi anaoangalia nao Pfalzgrafenstein, na sababu si kwamba boma ni changa. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, baada ya Maji Maji, na ukoo wake bado unalitafuta fuvu lake. Rais Steinmeier alikwenda Songea Novemba 2023, akawaomba msamaha. Jambo ambalo mjukuu bado anasubiri mfupa wa babu yake, utasemaje limepita?

Msomaji ataniuliza: basi tusiendeshe baiskeli? La hasha, endesha. Mimi sitaki furaha yenye uso wa msiba, na sioni mashua ya mwaka 1300 inafaidika vipi na uchungu wangu wa leo. Mbele ya Pfalzgrafenstein furahi kwa moyo mweupe, kwa sababu ile ngome ni mnyama aliyekwisha kufa, na kumcheka ni haki ya vizazi vya waliolipa. Mbele ya Wernerkapelle ni mambo mengine. Hapo uzuri unaweza kuuona, macho hayakatazwi, lakini kuuona na kuondoka bila kuuliza jina la gofu ni kuusaidia uongo upige hatua nyingine. Kero yangu ni kwamba kutoka kwenye baiskeli vyote viwili vinafanana. Ni mawe, mto, mizabibu.

Mwisho wa njia, juu ya St. Goar, ni Rheinfels, gofu kubwa kuliko yote ya mto. Ilijengwa 1245 kulinda ushuru. Miaka kumi baadaye miji ya Rhine iliyoungana dhidi ya ushuru wa dhuluma iliizingira kwa zaidi ya mwaka mzima, ikashindwa kuiteka. Simulizi husifia uimara wa ngome. Mimi kila nikisoma habari ya mzingiro huo huwa nawafikiria walio nje ya ukuta, wafanyabiashara na mafundi waliolala kwenye mahema majira yote ya baridi kwa sababu bei ya kupita ilikuwa imepanda tena.

Kurudi Bingen, treni inachukua chini ya nusu saa. Kaa upande wa mto. Baada ya St. Goar utapita kwenye mahandaki ya Oberwesel, na ukiweza kuchungulia utaona milango yake imejengwa kwa minara na vilele kama ngome, ingawa walioijenga walikuwa wahandisi wa reli wa karne ya 19 na hawakuwa na mtu wa kumtisha. Kituo kinachofuata baada ya Oberwesel ni Bacharach. Treni inasimama dakika moja hivi.