Mikono Michafu na Kiapo cha Kaya Bombo

Katika falsafa ya siasa, tatizo la mikono michafu ni lile la kiongozi anayetenda analolijua kuwa ovu, kwa hoja kwamba akijizuia umma utapata madhara makubwa zaidi. Mwanafalsafa Mmarekani Michael Walzer, katika makala yake ya mwaka 1973, alishikilia kwamba kiongozi huyo huenda akawa ametenda lililompasa, ila hatia haimwondokei, na uadilifu wake hujulikana kwa kukubali kuibeba. Karne nyingi kabla yake, Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alijadili maslaha, yaani manufaa yanayolindwa na sheria, kwa mfano wa adui aliyewafanya mateka Waislamu kuwa ngao: mateka hao wasiguswe ila kuwe na dharura, matokeo yawe ya yakini, na manufaa yawe ya umma mzima, si ya kundi moja.

Hoja hizo mbili zinaweza kupimia tukio la pwani ya Kenya. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, vijana waliolishwa kiapo katika msitu wa Kaya Bombo, Kwale, walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kupora bunduki, na katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakahama makwao, wengi wao wakiwa wenye asili ya bara. Vijana hao waliahidiwa ardhi na kazi na viongozi waliowatuma, na ahadi iliwaingia kwa kuwa dhuluma ya ardhi ilikuwa ya kweli: tangu sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, Wapwani wengi wamebaki maskwota, yaani wakaazi wasio na hati, katika ardhi ya mababu zao.

Hata hivyo, ukweli wa dhuluma haukidhi masharti ya al-Ghazali. Dharura iliyokuwapo ilikuwa ya uchaguzi mkuu wa Desemba mwaka huo, yakini ya kurudishiwa ardhi haikuwapo, na umma uliotajwa ulimtoa jirani wa Likoni ambaye hakumpora mtu shamba. Isitoshe, kanuni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, husema kwamba dharura haibatilishi haki ya mwingine, ndiyo maana mwenye njaa aliyekula chakula cha mtu ili asife hasamehewi kukilipa.

Deni la mwaka 1997 lililipwa na wasiokopa: waliofukuzwa, Wadigo, wenyeji wa eneo hilo, walioteswa katika misako ya polisi, na wafanyakazi wa ufuo wa Diani ambao hoteli zao zilikosa wageni. Kiongozi wa Walzer huungama mwenyewe mbele ya umma, ilhali kiapo cha Kaya Bombo kilidai siri kutoka kwa vijana ili waliowatuma wasijulikane. Anayedai kuuchafua mkono kwa ajili ya watu, kisha akauficha nyuma ya mkono wa kijana asiye na shamba, hajabeba dhambi kwa niaba ya yeyote. Amemtwika mwingine yake.